Mnakagua bastola, maiti hamuioni

Najua nimewatupa. Niko kusini, Lupaso, wilaya ya Masasi, nyumbani kwa bibi, mahali ambapo mtandao unapatikana chini ya mkorosho mmoja tu, tena ukiwa umeelekea upande mmoja tu. Nilikuja kupumzika na nilijiapiza kwamba sitaandika kitu. Lakini juzi usiku hapa barazani kuna swali limeulizwa, na tangu hapo sina raha, kwa sababu ni swali ambalo mimi na wenzangu wa mjini, pamoja na vyeti vyetu vyote, hatujawahi kuliuliza. Basi leo mnivumilie. Nitasema, na wengine mtanuna.

Jambo lenyewe ni tamthilia. Wengi mnaikumbuka Crime and Justice ya Kenya, iliyoanza kuoneshwa Februari 22, 2021. Ilikuwa tamthilia ya kwanza ya Showmax kutengenezwa Kenya, kwa ushirikiano na Canal+ ya Ufaransa. Sarah Hassan, yule tuliyemzoea tangu Tahidi High, ni mpelelezi Makena. Alfred Munyua ni mwenzake, Silas. Kila sehemu ina kesi yake: uhalifu unatokea, wapelelezi wanahangaika, mshukiwa anapatikana, kisha mambo yanahamia mahakamani. Kesi zenyewe zimechotwa kwenye matukio ya aina ile inayojaza kurasa za mbele za magazeti ya Nairobi.

Sehemu ya kwanza ilipotoka, mimi na marafiki zangu wa Dar tuliiangalia kama walimu wanaosahihisha mtihani. Kesho yake kazi ikaanza. Mmoja akasema mpelelezi wa kike ana nywele nzuri mno, askari gani analala saluni? Mwingine akasema bastola imeshikwa kama rimoti ya televisheni. Wa tatu, huyu kasoma sheria, akatuchambulia mahakama: wakili hatembeitembei mbele ya shahidi kama mtu anayetafuta chenji iliyomdondoka. Wa nne akasema ofisi za polisi ni safi kupita kiasi. Wa tano, ambaye ndiye mimi, akaandika aya tatu ndefu kulalamika kwamba Waafrika wanahojiana kwa Kiingereza kingi utadhani mtuhumiwa kakamatwa London. Nilipongezwa sana kwa aya zile. Nikajiona mchambuzi.

Baada ya hapo tukatoa hukumu kwa kauli moja: wamejaribu, ila bado. Mtu akatuma orodha ya tamthilia za Kimarekani za kuangalia mwisho wa wiki, kesi ikafungwa. Hatukukata rufaa.

Sasa turudi Lupaso. Juzi usiku umeme ulikuwepo, mvua haikuwepo, na watoto wa jirani walijua kwamba mgeni kutoka Dar ana kompyuta yenye picha. Nikaiweka juu ya ndoo iliyofunikwa sinia, tukakaa. Bibi alikuwepo, mjomba wangu alikuwepo, vijana wawili wa bodaboda walikuwepo, na watoto wasiohesabika. Mimi nikawa natafsiri pale Kiingereza kinapokolea, nikijitahidi kuiga wale watafsiri wa vibanda vya video, nikashindwa vibaya. Watoto walinizomea.

Polisi wakafika. Gari limesimama, milango imefunguliwa, wapelelezi wameshuka. Mjomba akainua mkono kama mwanafunzi.

“Mpwa wangu, simamisha kwanza.”

Nikasimamisha.

“Hao wamekuja upesi namna hiyo. Mafuta kaweka nani?”

Baraza zima likacheka. Mimi pia nilicheka, halafu nikaona mjomba hacheki. Alikuwa anauliza kweli. Miaka ya nyuma aliibiwa magunia manne ya korosho, mavuno ya msimu mzima ambayo ndani yake kulikuwa na ada ya shule ya watoto wawili. Alikwenda kituo kimoja ambacho sitakitaja. Akaambiwa gari lipo, dereva yupo, mafuta hakuna. Akauza mbuzi. Akaweka mafuta. Akanunua na karatasi za kuandikia maelezo yake mwenyewe. Askari wakaja, wakautazama mlango uliovunjwa, wakautikisa, wakasema kweli umevunjwa, wakarudi. Akapewa namba ya RB. Ile karatasi anayo mpaka leo. Korosho hakuziona tena.

Kwa hiyo mtu huyu anapoona gari la polisi linafika bila mwenye msiba kuchangishwa, anaona mwanya katika hadithi. Kwake hilo ndilo kosa kubwa la tamthilia, kuliko nywele za Makena, kuliko bastola, kuliko Kiingereza changu na aya zangu tatu.

Tukaendelea kuangalia. Dakika kadhaa mbele, kijana mmoja wa bodaboda akauliza la kwake, tena kwa sauti ya chini: “Kaka, na wakipeleleza wakakuta aliyeua ni askari mwenzao, inakuwaje?”

Nikamwambia asubiri, sehemu ziko nyingi. Hilo lilikuwa jibu la kukwepa. Alikuwa hajauliza habari za Nairobi.

Wadau, hapo ndipo hasira yangu ilipoanzia. Sisi wa mjini tulipodai “uhalisia”, tulidai uhalisia wa nani? Tujiulize kwa ukweli. Wengi wetu hatujawahi kuona chumba cha mahojiano kwa macho yetu. Polisi tunaowajua ni wa Law & Order, ambayo Wamarekani waliianza 1990, na wa CSI, iliyoanza 2000. Tumekua na 24 na Prison Break kwenye diski za kuchoma zilizouzwa mitaani Kariakoo, msimu mzima kwenye diski moja, picha imekwaruzika. Huko ndiko tulikojifunza namna bastola inavyoshikwa. Kwa hiyo tunaposema askari wa Nairobi hafanani na askari, tunamaanisha hafanani na wa New York wa kwenye televisheni. Tumemchukua mwigizaji wa Kimarekani tukamfanya rula, tukampimia Mkenya, tukamkuta mfupi. Ndiyo uchambuzi huo?

Mjomba naye alipima. Lakini rula yake ni mbuzi aliyemuuza. Na naomba niseme wazi, rula ya mjomba ni bora kuliko yetu. Yetu inauliza kama picha imefanana na picha nyingine. Ya kwake inauliza kama picha imefanana na maisha ya anayeiangalia.

Msinielewe vibaya. Simtetei mtu anayetengeneza kazi mbovu. Sauti ikiwa mbaya, isemwe. Mwigizaji akiwa gogo, asemwe. Hoja ya lugha bado naisimamia, kwani nchi hizi mbili zina mamilioni ya watu wanaolia, wanaotukana na wanaokiri makosa kwa Kiswahili, na mtuhumiwa aliyebanwa hatafuti msamiati. Ninachokataa ni kuishia hapo. Tumekagua bastola, tumekagua wigi, tumekagua kanzu ya hakimu, halafu maiti iliyolala katikati ya chumba hatukuiuliza hata jina.

Na maiti tunazo. Za kwetu, si za Nairobi.

Januari 2006, Dar es Salaam, wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge waliuawa pamoja na dereva teksi aliyekuwa amewabeba. Polisi walisema ni majambazi waliouawa kwenye mapambano ya risasi. Gazeti likaandika majambazi, redio ikasema majambazi, na sisi tuliokuwa wadogo tukasikia majambazi. Familia zikakataa. Rais Kikwete akaunda tume chini ya Jaji Mussa Kipenka, na tume ikaonesha kwamba hadithi ya polisi haisimami. Ndiyo ile kesi ambayo nchi nzima iliiita kesi ya Zombe, kwa jina la ofisa aliyekuwa mshtakiwa wa kwanza. Agosti 2009 Mahakama Kuu ikawaachia washtakiwa wote, yeye akiwemo. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikathibitisha kwamba yeye hana hatia, ikamtia hatiani ofisa mwingine mmoja na kumhukumu kunyongwa. Miaka kumi kutoka mauaji hadi hukumu ile!

Niambieni, hiyo si tamthilia? Ina mwili, ina uongo wa kwanza, ina tume, ina mahakama mbili zinazotofautiana, ina mama anayesubiri miaka kumi. Mwandishi wa Hollywood akipewa mkasa huo hatalala. Sisi tumepewa, tumelala.

Mnasema ni mambo ya zamani? Haya, njooni kusini. Januari 2022 kijana mfanyabiashara wa madini, mtu wa Nachingwea, aliuawa Mtwara. Waliofikishwa mahakamani kwa mauaji yake ni maofisa na askari saba wa polisi. Kabla kesi haijafika popote, ofisa mwingine wa polisi aliyekuwa ameshikiliwa kuhusiana na tukio hilo alifia mahabusu, na taarifa ikatolewa kwamba alijinyonga. Rais Samia alihoji hadharani inakuwaje polisi wajichunguze wenyewe. Juni 2025 Mahakama Kuu, Mtwara, ikawahukumu maofisa wawili kunyongwa na kuwaachia huru watano.

Nachingwea kutoka hapa Masasi si safari ya kufunga chakula njiani. Yule kijana wa bodaboda aliyeuliza swali kwa sauti ya chini anaijua barabara ile shimo kwa shimo. Sasa mnaelewa kwa nini sauti ilikuwa ya chini.

Na ninyi mnaniambia habari za nywele.

Nitajieni tamthilia moja ya televisheni ya Kitanzania iliyothubutu kuugusa mkasa wa namna hii. Si lazima itaje jina la mtu, hata kwa kificho, hata kwa kubadilisha mji. Nasubiri. Tamthilia za mapenzi tunazo, na nyingine ni nzuri. Mke mkubwa kamwekea mke mdogo sumu, tajiri kagundua mtoto si wake, mfanyakazi wa ndani kumbe ni binti wa mwenye nyumba. Watu wanakufa humo kila wiki! Lakini polisi wa humo ni wale wa dakika ya mwisho, wawili, wanaingia, wanasema “uko chini ya ulinzi”, wanatoka na mtuhumiwa, muziki unapigwa. Hatujui walitoka wapi. Hatujui mafuta kaweka nani.

Jibu la kwanza la watengenezaji nalijua: hela hakuna. Gari la polisi ghali, risasi bandia ghali, maabara ghali. Jamani! Nani kawaambia hadithi ya upelelezi ni maabara? Hadithi ya upelelezi ya Kiswahili ina umri mkubwa kuliko televisheni ya Bara, ambayo kwa kweli ilianza 1994. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alichapisha Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, na Bwana Msa wake hakuwa na maabara. Alikuwa na kiko, rafiki yake Najum, na kichwa. Faraji Katalambulla akaja na Simu ya Kifo mwaka 1965. Baadaye Elvis Musiba akatupa Willy Gamba, Ben Mtobwa akatupa Joram Kiango. Vitabu hivyo vilisomwa mpaka kurasa zikawa laini kama kitambaa, vikaazimwa bweni kwa bweni, mwenye navyo akawa mfalme.

Tena kuna kitu humo sikukiona nilipokuwa nasoma kwa tochi chini ya shuka. Bwana Msa si polisi. Joram Kiango si polisi. Willy Gamba ni wa serikali, lakini ni jasusi, si askari wa kituo anayepokea malalamiko ya korosho. Waandishi wale, walipotaka mtu wa kuutafuta ukweli mpaka mwisho, wengi wao walimtafuta nje ya kituo cha polisi. Labda ilikuwa kuiga wazungu, maana hata Sherlock Holmes hakuwa polisi. Labda ilikuwa tahadhari. Na labda walijua ambacho mjomba anakijua. Vyovyote iwavyo, walitupa njia: mtu mmoja mwenye akili, mtaa mmoja, swali moja. Hiyo inahitaji shilingi ngapi kuigiza?

Jibu la pili ni zito zaidi, na hili silidharau: sheria. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Namba 4 ya 1976, inataka kibali kabla hujapiga picha, na Bodi ya Filamu ndiyo inayoikagua kazi kabla haijaoneshwa. Sare za polisi nazo hazivaliwi hovyo. Kwa hiyo mtu mwenye hadithi ya askari muuaji anajua kabisa milango atakayobisha na nyuso atakazokutana nazo. Ataulizwa kwa nini anachafua jeshi. Ataulizwa nani kamtuma. Akiwa na mkopo wa benki na waigizaji wanaodai nauli, atafanya ambalo wengi wetu tungefanya: atamgeuza askari awe mganga wa kienyeji, maisha yaendelee.

Naelewa. Lakini sikilizeni. Milango hiyo inapata nguvu kwa sababu hakuna anayesukuma kutoka upande wetu. Mwenye kituo cha televisheni anatusikiliza kuliko mnavyodhani. Siku tamthilia inapozinduliwa, anakaa na simu yake anasoma tunasema nini. Tukisema nywele, msimu ujao anaajiri msusi. Tukisema bastola, ananunua bastola nzuri zaidi. Tukinyamaza kuhusu maiti, anajua kwamba maiti haina mteja. Kwa hiyo tusiitupie serikali mzigo wote halafu sisi tukapanguse mikono. Mkaguzi wa kwanza ni mtazamaji anayeridhika na wigi.

Nasikia mtu anasema: “Mbona hao Wakenya unaowatetea nao wamewafanya polisi mashujaa?” Kweli, na hapo nina ugomvi nao. Juni 2016 wakili Willie Kimani aliuawa Kenya pamoja na mteja wake, aliyekuwa amemshitaki askari kwa kumpiga risasi, na dereva teksi wao. Julai 2022 askari watatu na mtoa habari wao mmoja walitiwa hatiani, na Februari 2023 mmoja wa askari hao akahukumiwa kifo. Nchi yenye kesi kama hiyo ikikuletea wapelelezi wawili wazuri, wasafi, wenye huruma, una haki ya kuinua nyusi. Lakini angalau Wakenya wameanza kulijaza hilo jukwaa. Wameshaweka kituo cha polisi katikati ya hadithi, na aliyeweka kituo katikati ya hadithi leo, kesho anaweza kuuliza nani kafungiwa humo. Sisi tuko nje ya uwanja, tumekaa juu ya ukuta, tunamcheka anayekosa penalti.

Halafu angalieni kesi hizo mbili, ya Dar na ya Kenya. Miaka kumi kati yake, nchi mbili, sababu tofauti. Katika zote mbili kuna dereva teksi. Mtu ambaye hakuwa na madini wala hakuwa na kesi. Alipigiwa simu, akakubaliana nauli, akawasha gari. Aliuawa kwa kuwa alikuwepo na aliona. Mimi ningekuwa na kamera ningeanzia hapo. Ningeanza na mke wake anayempigia simu saa mbili usiku kumuuliza kama atanunua mkate, na simu inaita. Hakuna bastola katika tukio hilo. Hakuna gari la polisi. Gharama yake ni simu moja na mwigizaji anayejua kusubiri. Na nawaambia, baraza lote la Lupaso lingenyamaza.

Mnashangaa kwa nini naichukulia Lupaso kama kipimo. Si kwa sababu ni kwetu tu. Hapa ndipo alipozaliwa Benjamin Mkapa, mwaka 1938, na hapa ndipo alipozikwa, Julai 29, 2020. Siku ile kamera zilijaa kijiji hiki, nchi nzima ikakiona kijiji chetu moja kwa moja kwenye televisheni. Wengi wanamkumbuka kama Rais. Mimi napenda kumkumbuka kama mtu wa fani yangu: mhariri wa The Nationalist na Uhuru, baadaye Daily News, kisha mkurugenzi mwanzilishi wa Shirika la Habari, Shihata, mwaka 1976. Televisheni ya Taifa yenyewe ilianza katika utawala wake.

Katika utawala wake huohuo, Januari 2001, polisi waliwapiga risasi waandamanaji Zanzibar, hasa Pemba, watu zaidi ya 30 wakafa. Hilo halifutiki na sitalifuta kwa kuwa ni mzee wa kijijini kwetu. Lakini mwaka 2019, katika kitabu cha maisha yake, My Life, My Purpose, alilirudia jambo lile mwenyewe na kukiri kwamba liliendelea kuwa doa katika urais wake. Unaweza kusema alichelewa. Unaweza kusema haitoshi. Mimi nasema yote mawili. Ila naomba mfikiri: Amiri Jeshi Mkuu mstaafu aliweza kuliandika kwa jina lake mwenyewe, kitabu kikazinduliwa mchana kweupe, mbele ya viongozi. Sasa mwandishi wa tamthilia anaogopa nini ambacho Mkapa hakukiogopa? Na sisi watazamaji tunaogopa nini hata kukidai?

Basi tukubaliane hivi wadau. Siku tamthilia nyingine ya polisi itakapozinduliwa, iwe ya Nairobi, ya Kampala au, Mungu akijalia, ya Dar, rukhsa kukagua nywele. Dakika tano. Cheka, tuma utani, tulia. Halafu anza kuuliza ya maana. Aliyekufa ni nani, na hadithi inamjua kwa jina au ni mzoga tu wa kuanzishia sehemu ya kwanza? Aliyesema uongo wa kwanza ni nani, na alivaa sare gani? Nani analipia haki hii, na aliyekosa mbuzi wa kuuza kesi yake inaishia wapi? Tamthilia ikikosa majibu ya maswali hayo, iseme vibaya hata kama bastola imeshikwa sawasawa kabisa. Na ikiyajibu, itetee hata kama wigi limekaa upande.

Najua kuna wenzangu wa chumba cha habari watakaosema nimeacha kazi ya habari nimekimbilia maigizo. Jamani, habari tuliandika. Tuliandika 2006, kwanza tukaandika majambazi, halafu tukaandika masahihisho. Tuliandika 2022. Gazeti la siku ile limefungia maandazi siku iliyofuata. Tamthilia nzuri haifungii maandazi. Inakaa kichwani mwa mtoto wa miaka kumi anayeangalia kutoka juu ya ndoo, na siku moja mtoto huyo anavaa sare. Nataka ajue mapema kwamba watu wanaangalia.

Mjomba ameniuliza leo asubuhi kama sehemu ya pili ipo. Nimemwambia ipo, usiku tutaangalia umeme ukiwepo. Akasema vizuri, ila niwaambie hao wenye picha, kama naweza kuwapata, kwamba wasisahau kuonesha mafuta.

Nimewaambia. Nawasilisha.